Run (neno)

Run ni neno la Kiingereza linalotumika kama kitenzi na pia kama nomino. Maana yake ya kwanza ambayo wanafunzi hufundishwa shuleni ni "kukimbia". Hiyo ni moja tu kati ya mamia. Katika toleo la tatu la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, kitenzi "run" kimepewa maana 645, na kwa sababu hiyo hutajwa kuwa neno lenye maana nyingi kuliko yote katika lugha hiyo.

Wingi huo huwasumbua wanafunzi, wakalimani na watafsiri. Mto, pua, injini, kampuni, mkataba, kifungo cha jela na mgombea urais vyote "vinarun" kwa Kiingereza, lakini karibu hakuna kati yavyo kinachokimbia kwa Kiswahili. Maana inayokusudiwa hujulikana kwa kutazama maneno yanayoandamana na "run" katika sentensi.

## Umbo na matamshi

"Run" ni kitenzi kisichofuata kanuni ya kawaida ya Kiingereza ya kuongeza "-ed" ili kuonyesha wakati uliopita. Maumbo yake ni "run" kwa wakati uliopo, "ran" kwa wakati uliopita, "run" tena kwa hali timilifu, na "running" kwa tendo linaloendelea.

Kwa Kiingereza, vokali za "run" na "ran" ni tofauti. Kwa kuwa Kiswahili kina vokali tano tu, wasemaji wake wengi huyatamka maneno hayo mawili kwa sauti moja ya "a". Msikilizaji hulazimika kutambua wakati wa tendo kwa maneno mengine, kama vile yale yanayomaanisha "jana" au "kila siku".

Kama nomino, "run" huweza kuwa na maana ya mbio, safari, mfululizo, pointi katika mchezo, kijito, ua wa kuku na mambo mengine mengi. Maana hizo zimeelezwa hapa chini.

## Asili ya neno

Neno hili limetoka katika Kiingereza cha Kale, ambako kulikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana. Kimoja, "rinnan" au "irnan", kilimaanisha kwenda mbio na pia kutiririka. Kingine kilikuwa na maana ya kufanya kitu kiende mbio, kwa mfano kumwendesha farasi. Lugha ya Kinorse cha Kale, iliyoletwa Uingereza na Waskandinavia, ilikuwa na maneno ya ukoo huohuo na ikachangia umbo lililofuata. Baadaye vitenzi hivyo viliungana kuwa kimoja. Umbo lenye herufi "u" katika wakati uliopo lilienea takriban karne ya 16.

Lugha nyingine za Kijerumaniki bado zina maneno ya ukoo huu. Katika Kijerumani "rennen" ni kukimbia, na "rinnen" ni kutiririka. Katika Kiswidi "rinna" ni kutiririka. Hivyo maana ya maji yanayokwenda ni ya zamani sana: imekuwa sehemu ya neno tangu mwanzo.

Muungano huo wa vitenzi viwili unaeleza pia kwa nini leo "run" huweza kutumika bila yambwa, kama katika "mtoto anakimbia", na pamoja na yambwa, kama katika "anaendesha duka". Kiswahili hutenganisha mambo hayo kwa kubadilisha mwisho wa kitenzi. Kiingereza kimeacha umbo moja lifanye kazi zote mbili.

## Maana kuu

### Mwendo wa miguu

Maana ya msingi ni kwenda haraka kwa miguu. Tofauti yake na kutembea ni kwamba katika kukimbia huwa kuna nukta ambapo miguu yote iko hewani. Ndiyo sababu katika mashindano ya kutembea kwa kasi mwanariadha huondolewa akirudia kosa la kupoteza mguso wa ardhi: mwendo wake umeshakuwa "run".

Kwa maana hii tafsiri ya "kukimbia" inatosha. Mfano wake ni mbio za mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1974 mjini Christchurch, Nyuzilandi, ambapo Filbert Bayi wa Tanzania alishinda na kuweka rekodi ya dunia.

### Mtiririko

Vitu vya majimaji pia huelezwa kwa "run". Mto, machozi, jasho na maji ya bomba hutiririka. Pua hutoa kamasi. Wino husambaa juu ya karatasi. Nguo huchuja, yaani rangi yake hutoka inapofuliwa. Kiswahili kina kitenzi chake kwa kila hali. Kiingereza hutumia "run" kwa zote.

Katika baadhi ya majimbo ya mashariki ya Marekani, nomino "run" ni kijito. Mfano unaojulikana zaidi ni Bull Run katika jimbo la Virginia. Kando ya kijito hicho yalipiganwa mapigano makubwa ya kwanza ya Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, tarehe 21 Julai 1861.

Kutokana na wazo la mtiririko, "run" hutumika pia kwa makundi ya samaki wanaosafiri pamoja kwa msimu. Samoni hupanda mito kutoka baharini ili kutaga mayai. Nchini Afrika Kusini, makundi makubwa ya sadini hupita karibu na pwani ya KwaZulu-Natal takriban kati ya Mei na Julai, yakifuatwa na pomboo, papa na ndege wa baharini.

### Mashine na programu

Injini "inarun" inapokuwa inafanya kazi, hata kama gari limesimama. Saa, jokofu na pampu huelezwa vivyo hivyo. Kwa vyombo vya usafiri neno lina maana ya kufanya safari kwa ratiba: treni "inarun" kila siku, yaani kuna safari za treni kila siku.

Matumizi haya yaliongezeka sana wakati wa mapinduzi ya viwanda, na yaliongezeka tena kompyuta zilipoenea. Programu ya kompyuta "inarun" inapotekeleza maagizo yake. Katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, amri hiyo kwa kawaida huandikwa "endesha". Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida mafundi wengi wa kompyuta Afrika Mashariki husema tu "ku-run programu".

### Uendeshaji na uongozi

"Run" yenye yambwa huwa na maana ya kusimamia au kuendesha: duka, shule, hoteli, shamba, warsha au nchi. Hapa Kiingereza na Kiswahili vinakutana. "Endesha" ni umbo la kusababisha la "enda", nalo hutumika kwa gari, mashine, biashara na kikao, karibu sawa na "run".

### Uchaguzi

Katika Kiingereza cha Marekani, mtu anayetafuta cheo kwa kura "anarun", kana kwamba yuko katika mashindano ya mbio. Katika Kiingereza cha Uingereza mtu huyohuyo kwa kawaida "anasimama". Kiswahili kina taswira ya tatu: "anagombea", yaani anashindana na wenzake kupata kitu kimoja.

Msemo "running mate" ulianza katika mashindano ya farasi. Ulimaanisha farasi aliyeingizwa mashindanoni pamoja na mwenzake wa zizi moja ili kumsaidia kwa kuongoza kasi. Baadaye ulihamia katika siasa za Marekani kwa maana ya mgombea wa umakamu wa rais. Kwa Kiswahili huitwa "mgombea mwenza", na cheo hicho kipo katika chaguzi za urais za Tanzania na Kenya.

"Run-off" ni duru ya pili ya uchaguzi. Kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote halali na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Asipopatikana mtu huyo, uchaguzi hurudiwa kati ya wagombea wanaoongoza. Lakini katika vitabu vya jiografia na kilimo "runoff" ni maji ya mvua yanayopita juu ya ardhi bila kuzama. Msomaji hutambua maana kwa kuangalia mada tu.

### Umbali na muda

Barabara, ukuta au safu ya milima "inarun" kutoka mahali fulani hadi pengine, ingawa haisogei. Kiswahili husema barabara "inakwenda" au mpaka "unapita". Lugha zote mbili humfanya msemaji aifuate barabara kwa macho na kuieleza kama kitu kinachotembea.

Vivyo hivyo kwa muda. Mkataba "unarun" miaka miwili, yaani unadumu au unatumika kwa muda huo. Tamthilia "inarun" inapoendelea kuonyeshwa. Tamthilia ya Agatha Christie iitwayo *The Mousetrap* ilianza kuonyeshwa London tarehe 25 Novemba 1952. Ilisimama Machi 2020 kwa sababu ya janga la UVIKO-19, ikarudi jukwaani Mei 2021. Maonyesho yake ndiyo "run" ndefu kuliko zote katika historia ya tamthilia.

Tabia au ugonjwa unaorithiwa nao husemwa kuwa "unarun" katika familia. Kiswahili husema uko katika ukoo au katika damu.

## Matumizi katika nyanja maalumu

### Sheria

Katika sheria, kosa la kutafsiri "run" linaweza kuwa na madhara makubwa. Mahakama inapomhukumu mtu kwa makosa kadhaa, huamua pia kama vifungo vita"run" pamoja au kimoja baada ya kingine. Tuseme mtu amepewa vifungo vya miaka 2, 3 na 5. Vikienda kwa pamoja, kifungo kirefu hubeba vingine, naye hukaa jela miaka 5. Vikifuatana, hukaa miaka 10. Katika Kiswahili cha habari za mahakama husemwa kwamba adhabu "zitakwenda kwa pamoja".

Muda wa kisheria pia "unarun". Maana yake ni kwamba siku za kufungua shauri au kukata rufaa zimeanza kuhesabiwa. Mtu asiyeelewa msemo huo katika barua ya wakili anaweza kupitwa na muda na kupoteza haki yake.

Katika sheria ya ardhi yenye asili ya Kiingereza, sharti linaweza ku"run" pamoja na ardhi. Maana yake ni kwamba sharti hilo halimbani aliyelikubali peke yake. Huhamia pia kwa anayenunua au kurithi ardhi hiyo.

Suala hili lina uzito Afrika Mashariki kwa sababu hukumu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hivyo misemo kama hii inahitaji tafsiri moja inayoeleweka na wote.

### Benki

"Bank run" ni hali ambapo wateja wengi wa benki hukimbilia kutoa fedha zao kwa wakati mmoja wakihofia kwamba benki itafilisika. Benki huwa imekopesha sehemu kubwa ya amana, kwa hiyo haina fedha taslimu za kuwalipa wote kwa siku moja. Hofu yenyewe inaweza kuiangusha benki ambayo ingeweza kusalimika.

Mwezi Septemba 2007, foleni ndefu zilionekana nje ya matawi ya benki ya Northern Rock nchini Uingereza. Serikali ilitangaza dhamana ya amana siku chache baadaye, na benki hiyo ikataifishwa Februari 2008. Nchini Marekani, wateja wa Silicon Valley Bank walitaka kutoa takriban dola bilioni 42 katika siku moja, tarehe 9 Machi 2023. Benki ilifungwa na mamlaka kesho yake. Safari hii wengi hawakukimbia popote, kwani walitumia simu na kompyuta, lakini jina lilibaki lilelile.

Wanauchumi Douglas Diamond na Philip Dybvig walieleza hali hii katika makala ya mwaka 1983. Mwaka 2022 walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Ben Bernanke.

### Michezo

Katika kriketi, "run" ni kipimo cha alama. Wapigaji wawili husimama kwenye ncha mbili za uwanja mwembamba wenye urefu wa yadi 22, yaani takriban mita 20. Mpira ukipigwa, hukimbia na kubadilishana nafasi, na kila wanapofika upande wa pili timu hupata "run" moja. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja baada ya kugusa ardhi, timu hupata "run" 4. Ukivuka bila kugusa ardhi, hupata 6. Katika hali hizo mbili wapigaji hawalazimiki kukimbia. Kwa hiyo mtu anaweza kupata "run" akiwa amesimama.

Rekodi ya alama nyingi za mchezaji mmoja katika ngwe moja ya kriketi ya kimataifa ya siku tano ni 400. Iliwekwa na Brian Lara wa West Indies dhidi ya Uingereza nchini Antigua, Aprili 2004. Kwa Kiswahili alama hizi huweza kuitwa "mikimbio".

Katika besiboli, mchezaji hupata "run" akizunguka vituo vyote na kurudi alipoanzia. "Home run" ni pigo linalomwezesha kuvizunguka vyote kwa mara moja.

### Afya

Mgonjwa mwenye homa husemwa kwa Kiingereza kuwa "anarun" joto. Pua ya mtu mwenye mafua "inarun". Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki msemo "running stomach" una maana ya kuhara, na mgeni kutoka Uingereza huenda asiuelewe mara moja, ingawa kwao ugonjwa huohuo huitwa kwa mazungumzo "the runs".

Kiswahili kinafanana na Kiingereza hapa kwa namna ya pekee. Mtu anayehara husemwa pia kuwa "anaendesha" au kwamba tumbo "linamwendesha". Kitenzi kinachotumika kwa gari na kampuni ndicho kinachotumika kwa tumbo, katika lugha zote mbili.

## Maana nyingine za nomino

* Mfululizo wa matukio yanayofanana, kama vile timu inaposhinda mechi kadhaa bila kukatizwa.
* Idadi ya nakala za kitabu au gazeti zinazochapwa kwa mara moja.
* Ua wa kufugia kuku au sungura ambamo wanaweza kutembea.
* Njia ya kutelezea kwenye theluji mlimani.
* Mchaniko mrefu katika soksi nyepesi, hasa katika Kiingereza cha Marekani. Waingereza wengi huuita "ngazi".
* Mfululizo wa noti zinazoimbwa au kupigwa haraka katika muziki.
* Jaribio la jambo kabla ya siku yenyewe, kama mazoezi ya mwisho ya sherehe.

## Misemo yenye kihusishi au kielezi

Sehemu kubwa ya maana za "run" hutokana na neno dogo linalofuata. Kubadilisha neno hilo hubadilisha maana yote.

* Run away: kutoroka, kukimbia nyumbani.
* Run down: kuchakaa, kuishiwa chaji, pia kumsema mtu vibaya.
* Run into: kukutana na mtu bila kutarajia, kugonga kitu, kupata matatizo.
* Run off: kutoroka; kuchapa nakala haraka.
* Run out: kwisha. Pamoja na "of" ni kuishiwa, kwa mfano kuishiwa mafuta.
* Run over: kumgonga mtu kwa gari; kupitiliza muda uliopangwa.
* Run through: kupitia jambo kwa haraka, kumchoma mtu kwa upanga.
* Run up: kulimbikiza deni, kushona nguo haraka.

Misemo kama "run down" na "run over" yaonyesha hatari ya kukisia. Kusema kwamba kikao kime"run over" ni jambo la kawaida. Kusema hivyo juu ya mtu ni habari ya ajali.

## Katika kamusi

Kamusi ya Kiingereza ya Oxford ilitolewa kwa mara ya kwanza kwa sehemu kati ya mwaka 1884 na 1928. Toleo la pili lilitoka mwaka 1989 katika mabuku 20. Katika toleo hilo neno lenye maelezo marefu zaidi lilikuwa "set", likiwa na maana zaidi ya 430 zilizoelezwa kwa takriban maneno 60,000.

Kazi ya toleo la tatu ilipofika herufi R, mwanaleksikografia Peter Gilliver alipewa kitenzi "run". Alikishughulikia kwa zaidi ya miezi tisa na kufikia maana 645, hesabu iliyojulikana mwaka 2011. Hivyo "run" ikachukua nafasi ya "set". Mwandishi Simon Winchester alihusisha ongezeko hilo na zama za mashine na kompyuta, ambazo zimeipa "run" kazi nyingi mpya.

Hesabu hiyo haina maana kwamba kuna mipaka 645 ambayo watu wote wanakubaliana nayo. Kanzidata ya maneno ya WordNet, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1985, hugawa kitenzi hiki katika maana 40 na kitu tu. Kamusi za wanafunzi hutaja chache zaidi. Idadi hutegemea jinsi mtunzi anavyogawanya: mmoja huona mto na pua kuwa maana moja ya kutiririka, mwingine huzitenga. Kamusi ya Oxford pia huhifadhi maana za kale ambazo hazitumiki tena.

## Polisemia na homonimia

Wanaisimu hutofautisha hali mbili. Polisemia ni pale neno moja linapokuwa na maana nyingi zenye uhusiano. Homonimia ni pale maneno tofauti yanapofanana kwa umbo tu. Katika Kiswahili, "kaa" la moto, "kaa" wa baharini na "kaa" kwa maana ya kuketi ni homonimia, kwani maana hizo hazina uhusiano.

"Run" ni polisemia. Karibu maana zake zote zinaweza kurudishwa kwenye wazo la kitu kinachokwenda mfululizo bila kuzuiliwa, au cha kukifanya kiende hivyo. Mto hutiririka bila kukoma, injini haizimiki, mkataba haujakatizwa, timu inashinda bila kusimamishwa. Mwanafunzi anayeshika wazo hilo hukisia maana mpya kwa urahisi kuliko anayekariri orodha.

## Ulinganisho na Kiswahili

Kiswahili pia kina vitenzi vya namna hii. Mfano mzuri ni "piga". Mtu hupiga simu, picha, pasi, mswaki, deki, kura, hodi, magoti, kambi, chenga na miayo, na katika hayo yote hakuna anayeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiwa na kamusi inayosema kwamba "piga" ni kugonga kwa mkono hukutana na tatizo lilelile la Mswahili mbele ya "run".

Tofauti iko katika njia ya kuzalisha maana. Kiingereza huacha kitenzi kilivyo na kubadilisha maneno yanayokizunguka. Kiswahili hutumia zaidi mnyambuliko, yaani viambishi vya kitenzi. Kutokana na "kimbia" tunapata "kimbilia", "kimbiza", "kimbizana", "kimbilio", "mkimbiaji" na "mkimbizi". Kutokana na "enda" tunapata "endea", "endelea", "endesha", "mwendo" na "mwenendo". Maneno haya yakigawana kazi, hufunika sehemu kubwa ya eneo ambalo Kiingereza kimeiachia "run" peke yake.

Kwa sababu hiyo, tafsiri nzuri ya "run" mara nyingi si "kimbia" bali ni neno la ukoo wa "enda": programu inaendeshwa, barabara inakwenda, adhabu zinakwenda kwa pamoja, onyesho linaendelea.

## Tafsiri kwa kompyuta

Maneno yenye maana nyingi yalikuwa kikwazo kikubwa cha tafsiri kwa mashine tangu mwanzo. Mwaka 1960, mwanafalsafa wa Israeli Yehoshua Bar-Hillel alidai kwamba mashine haiwezi kutafsiri kwa ubora kamili. Alitoa mfano wa sentensi yenye neno la Kiingereza "pen", ambalo ni kalamu na pia ni kizimba cha kuchezea mtoto, akasema kuwa binadamu huchagua maana sahihi kwa kutumia ujuzi wake wa dunia.

Mifumo ya sasa hukisia maana kwa kuangalia maneno ya jirani katika maandishi mengi sana. Njia hiyo inalingana na fundisho la mwanaisimu Mwingereza John Rupert Firth (1890–1960), kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo. Kwa lugha zenye maandishi machache ya kujifunzia, mfumo huwa na mifano michache zaidi ya kulinganisha, na makosa hutarajiwa zaidi. Kwa hati za mahakama, hospitali na benki, tafsiri ya mashine yenye neno kama "run" inapaswa kukaguliwa na mtu anayezijua lugha zote mbili.

## Isichanganywe na

* Kisiwa cha Run katika visiwa vya Banda, Indonesia. Jina lake halihusiani na neno la Kiingereza. Kisiwa hicho kidogo kilikuwa na thamani kubwa kwa sababu ya kungumanga. Kwa Mkataba wa Breda wa mwaka 1667, Waingereza waliachia dai lao juu ya Run, nao wakabaki na koloni walilokuwa wamewanyang'anya Waholanzi huko Amerika Kaskazini, pamoja na Manhattan.

## Tazama pia

* Polisemia
* Homonimia
* Kamusi
* Mnyambuliko wa vitenzi
* Tafsiri
* Kiingereza